Mkono Ni wa Nani

Gerezani, 12 Februari 2015

Mdogo wangu Suyapa,

Natumai barua hii itakukuta mzima na kisiwa bado kinaelea. Mimi nipo. Mchungaji Belarmino aliniletea salamu zako pamoja na sabuni na soksi. Soksi zimeshapata mwenyewe mwingine, nitakueleza huko mbele. Mama anaendeleaje na jicho? Na Osman, anakula chakula cha maana siku hizi, au bado anaishi kwa soda na baleada za barabarani? Mwambie kaka yake anamsalimu, na kwamba nikitoka nikamkuta mwembamba nitamlisha kwa kumshika pua.

Haya, darasa. Unasema Miss Verlene, bosi wako hotelini, atakupa mtihani wa Kiingereza wa kazi ya mapokezi mwezi wa kumi, na vitenzi vya kumfanyisha mtu jambo ndivyo vinavyokuchanganya. Mimi kule Houston nilivijua upesi, maana kila msimamizi wa ujenzi alikuwa navyo mdomoni kuanzia asubuhi. Make ni nguvu. Mtu hataki, unamfanya atake. Mfano: juzi mkuu wa seli yetu alimfanya mgeni alambe sakafu kwa sababu alikanyaga godoro lake. Kitenzi kinachofuata kinakaa uchi, usikivishe to. Let ni kuacha: askari waliona, wakamwacha alambe. Get ni kubembeleza mpaka mtu akubali, na hiyo inadai to yake: nilimbembeleza mkuu ampe mgeni maji ya kusuuza mdomo. Hapo ndipo soksi zilipokwenda.

Have ni ya wakubwa. Hupigi, hubembelezi, unasema tu na kazi inafanyika. Mtu wa juu akitaka fulani avunjwe mguu, haji na nyundo mwenyewe. Hii ndiyo inawashinda watu wetu. Sisi tunasema nimejenga, nimenyoa, hata kama hatujashika tofali wala wembe. Kiingereza hakikubali uvivu huo, kinataka kujua mkono ni wa nani. Mimi kila Ijumaa nanyolewa na Nahún Cálix, yule wa mtaani kwetu, mjomba wa wale vijana wenye bunduki wanaokaa kwenye kona ya duka la tortilla. Ndiye kinyozi wa bloku. Basi siwezi kusema nilikata nywele. Nasema had, kisha nywele, kisha zikakatwa, na mkono unabaki kuwa wa Nahún.

Tunga sentensi zako unitumie nisahihishe. Simu humu zimezibwa mawimbi, kwa hiyo usinilaumu kwa kuchelewa. Novemba nasimama mbele ya hakimu. Nilimpasua mtu kichwa kwa sepeto, nimekaa kwa ajili yake, na wakili anasema nisipofanya fujo yoyote mpaka siku hiyo, natoka. Krismasi nataka kula nacatamal ya mama nikiwa nimekaa kwenye kiti, jani la mgomba bado linatoa moshi. Sina ndoto nyingine.

Kaka yako,
Elvin


Coxen Hole, Roatán, 20 Machi 2015

Kaka Elvin,

Mimi mzima, mikono tu ndiyo imezeeka kwa dawa ya mashuka. Mama anakusalimu, anasema usali na uache matusi. Osman amepata kazi gereji ya Don Tulio, amenenepa, na kuna msichana anamsumbua kwa simu hata akiwa chini ya gari.

Darasa lako nililisoma jikoni kwa sauti, mpishi akahama meza. Kaka, hii ni hoteli. Wageni wanakuja kuogelea na kupiga picha kasa. Nikisimama mapokezi nikawaambia fulani alimfanya fulani alambe sakafu, nitarudishwa bara kwa boti ya mchana. Nitafutie mifano ya watu wazima wenye adabu.

Zangu hizi hapa. Miss Verlene alitufanya tufue upya mashuka yote kwa sababu ya unywele mmoja. Mumewe hamwachi aendeshe pikipiki. Nilimbembeleza mpishi anipe kichwa cha samaki. Kiyoyozi chako kitatengenezwa sasa hivi, bwana, nitaagiza. Hiyo ya mwisho naisema nikipiga pasi, na naipenda kuliko zote.

Ila huko nyuma niliumbuka. Nilimwambia Miss Verlene kwa Kiingereza kwamba Jumapili nilikata nywele. Akanigeuza, akanikagua kisogo, akasema kumbe nina kipaji na nimekificha kwenye mashuka. Jioni akaniletea mkasi na binti yake. Nikaona haya kukanusha, nikamkata. Mtoto anavaa kofia mpaka leo, na mama yake ananisalimia kwa mbali.

Jicho la mama litapasuliwa katikati ya Aprili. Daktari anasema akirudi nyumbani asipigwe na upepo wala vumbi, basi Osman ataomba gari gereji amfuate hospitali. Basi la kawaida litamuua.

Sikujua Nahún yuko huko. Mzee yule alikuwa anatupa peremende tulipokuwa wadogo. Msalimie.

Suyapa


Gerezani, 29 Aprili 2015

Suyapa,

Leo sina salamu. Wewe ndiye ungeniambia, nikaambiwa uani na mtu anayekula embe. "Wewe Murillo," akasema, "yule aliyelazwa kwenye kona ya tortilla si ndugu yako?" Alisema hivyo huku anafyonza kokwa. Sikumpiga, kwa sababu ya Novemba. Nilikwenda chooni nikapiga ukuta mpaka vidole viwili vikakataa kukunjika, ndiyo maana unaona mwandiko huu.

Nikamfuata Nahún. Alikuwa ananyoa mtu, na hakuacha kunyoa. Akaniambia, "Vioo vilikuwa juu, kijana. Gari geni, vioo vyeusi, na vilikuwa juu. Wale watoto wangefanyaje?"

Mwongo. Ukiingia mtaa ule unashusha vioo, unapunguza mwendo, wanakuona uso, unapita. Osman alijua kushusha vioo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Walimuua kwa kutaka, na sasa wanamsingizia marehemu ujinga. Huyo aliyefyatua ni mpwa wa Nahún, wala hakatai. Mpwa yuko nje, simfikii. Mjomba yuko humu. Kila Ijumaa nampa shingo yangu, na yeye sasa atanipa yake.

Mama alikuwa ndani ya gari. Mama aliona kama vioo vilikuwa juu au chini. Niambie mama amesema nini. Usinifiche, usinibembeleze, usiniletee maneno ya mchungaji.

Elvin


Coxen Hole, 30 Mei 2015

Kaka Elvin,

Pole, kaka. Pole kwangu na pole kwako. Nilikuandikia siku ya pili baada ya msiba, lakini Mchungaji Belarmino alilala na homa ya dengue na bahasha ikabaki kwa mkewe. Nisamehe kwa yule mtu wa embe.

Tulimzika pembeni ya babu. Don Tulio alitoa jeneza na mafundi wote wa gereji walilibeba wakiwa na nguo za kazi. Risasi zilipita mlango wa dereva. Mama alikuwa kiti cha nyuma, akamshika kichwa kwa nyuma, akabaki hivyo mpaka polisi walipombandua vidole kimoja kimoja. Yeye hakuguswa hata bandeji. Siku tisa za sala watu walijaa. Wale vijana wa kona nao walileta mkate. Ndiyo, walileta, mbele ya watu wote. Mama aliupokea, akaenda nao uani, akausaga kwa kisigino, akawaita kuku.

Umeuliza mama amesema nini. Mama hasemi, anafagia. Anafagia pale palipokwisha kufagiwa, na jicho lake zima limekuwa jekundu kuliko lile lililopasuliwa.

Nakuomba umwache Nahún. Hakuwa kwenye kona, hakushika bunduki, amekaa huko na wembe wake miaka yote hii. Una miezi michache tu. Mama amebakiwa na sisi wawili, na mmoja yuko kisiwani.

Nitumie darasa. Nikiwa nafua bila kitu cha kukariri, naona ule mlango wa gari.

Suyapa


Gerezani, 4 Julai 2015

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima. Mvua zimeanza, paa linavuja juu ya godoro la mkuu, kwa hiyo kuna furaha kidogo bloku nzima. Mpe mama pole nyingi na umwambie ale.

Nimesahihisha sentensi zako. Uliweka to baada ya let, iondoe. Kwenye have unaanza kuwa hodari. Ongeza hizi za hoteli, nimezitunga kwa adabu kama ulivyoomba: mizigo yako itapandishwa chumbani, bibi, tutaagiza teksi ikufuate, mpishi atakuandalia samaki asiye na chumvi. Zirudie mpaka ulimi uzikubali bila kufikiri.

Kuhusu yule kinyozi, tulia. Nakuapia kwa mama, mkono wangu hautamgusa. Ijumaa bado nakaa kwenye kiti chake na tunaongea habari za mpira. Mbele ya hakimu nitakwenda nikiwa safi, na nikitoka utaikagua mikono yangu mwenyewe. Swali langu kuhusu mama usilijibu kama linakuumiza. Halina haja tena.

Kaka yako akupendaye,
Elvin


Coxen Hole, 19 Julai 2015

Elvin,

Leo sikuiti kaka. Barua yako nimeisoma nimesimama chumba cha pasi na nimeunguza shuka la watu.

Mkono wako hautamgusa. Unanidhania mjinga? Ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu wa juu haji na nyundo mwenyewe. Umemwagiza nani? Umemwahidi nini? Unaniandikia habari za samaki asiye na chumvi, na mzee wa watu anakunyoa kila Ijumaa hajui kwamba umeshamuuza. Heshima gani hiyo, ya kuapa kwa mama na huku umekodi mkono wa mwingine?

Sasa nisikilize. Nililala nimeapa na nimeamka nimevunja kiapo, Mungu atanihukumu na wewe utakuwa shahidi. Siku ya mwisho ya sala tulikuwa jikoni na mama, tunafunga nacatamal za wageni. Alikuwa anakaza kamba kwenye jani, akaacha, akaniambia, "Mimi ndiye niliyemwambia afunge."

Nilidhani anasema jani. Akaendelea bila kunitazama. Walipovuka daraja Osman alishusha vioo vyote, kama inavyotakiwa. Upepo ukaingiza vumbi la ile barabara, jicho la mama likawaka moto chini ya bandeji. Akamwambia afunge. Osman akamjibu, "Mama, tumekaribia, lazima wanione." Mama akasema, "Wanakujua tangu ukiwa tumboni mwangu. Funga, nimesema." Na wewe unamjua mama akishasema nimesema. Osman akafunga. Wale vijana wakaona gari wasilolijua, vioo vyeusi, vimepanda, linakuja moja kwa moja kwenye kona yao.

Nahún hakukudanganya. Kwa hiyo kama ni lazima mtu alipie, usimalizie hasira kwa kinyozi. Tuma mtu wako nyumbani, mlango wa mama haufungwi mchana, atamkuta anafagia. Mwambie alete kisu kikali maana ngozi yake imekuwa ngumu.

Aliniapisha kwa msalaba wa Osman nisikuambie. Alisema, "Elvin ananipenda kwa hasira, akijua atanichukia kwa hasira hiyohiyo." Nimekuambia kwa sababu siwezi kuzika tena mwaka huu. Mzuie huyo mtu. Ukinyamaza nitajua umefanya nini, na hutanisikia tena.

Suyapa


Gerezani, 11 Oktoba 2015

Mdogo wangu,

Usishangae mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshonwa. Barua yako ya Julai niliipata Septemba, Jumatano moja. Bloku ya pili walichomana moto, gereza likafungwa kwa wageni wote, na Mchungaji Belarmino alikaa na bahasha yako ndani ya Biblia huku akirudishwa getini kila wiki. Kwa hiyo sikuwa nimenyamaza. Nilikuwa sijui.

Nilikuwa nimeagiza, ndiyo. Yule mtu jina lake halikuhusu. Nilimwahidi chumba changu cha nyuma pale nyumbani siku atakayotoka. Fujo za bloku ya pili zilimchelewesha, mambo yakatulia, akapanga iwe Ijumaa, wakati Nahún anashughulika na vichwa vya watu. Nilipomaliza kukusoma nilikwenda kwake mbio nikamwambia aache, nimeghairi. Alinicheka. "Murillo," akasema, "hapa si gengeni, useme urudishe nyanya. Mkuu ameshaambiwa, na mkuu ameshasema sawa." Jambo likishafika kwa mkuu si lako tena. Nilimwomba mkuu mwenyewe, nilipiga magoti, Suyapa, mimi. Akanifanya nibaki hapo sakafuni mpaka alipomaliza kula.

Ijumaa nikawa wa kwanza kwenye kiti cha Nahún, nikakataa kunyanyuka. Alininyoa kichwa, nikamwambia ndevu. Akamaliza ndevu, nikamwambia arudie kichwa. Watu kwenye foleni wakaanza kutukana. Akaniuliza, "Una nini leo, unakwenda kuoa?" Nilikuwa natazama mlango kwenye kipande cha kioo chake. Walipoingia wawili niliruka nikasimama katikati. Kisu cha kwanza nilikidaka kwa kiganja, kikakata mpaka mfupa. Cha pili kiliingia ubavuni. Nilimng'ata mmoja sikio na sikuachia mpaka nikabaki nalo. Nahún alimpasua wa pili shavu kwa wembe, halafu akakaa chini, wembe bado mkononi. Damu ilikuwa nyingi kiasi kwamba askari walipoingia waliteleza. Mkuu amekubali kwamba sasa yameisha, maana kelele zilimletea upekuzi naye hapendi upekuzi.

Nahún yuko hai. Alikuja zahanati akanikalia kitandani, akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Habari za mama sikumwambia, wala kwamba ni mimi niliyeanzisha. Nilimjibu kwamba nilikuwa sijamaliza kunyolewa. Nadhani anajua.

Novemba imekufa. Wameandika kwamba nilifanya fujo na kumjeruhi mfungwa, na wakili anasema mwaka mmoja tena, labda miwili. Nimelia, sikufichi, nimelia mpaka nyuzi za ubavu zikaniuma.

Mwambie mama kesi imeahirishwa, makaratasi yamepotea. Ataamini, makaratasi ya watu yanapotea kila siku. Ila asije kunitembelea. Simchukii. Nimejichunguza kila pembe nikaitafuta hiyo chuki, na sikuikuta. Lakini siwezi kukaa mbele yake nikajua ninachokijua, uso wangu utanisaliti.

Mtihani je?

Elvin


Coxen Hole, 8 Novemba 2015

Kaka Elvin,

Nakuita kaka tena, uone.

Mimi mzima. Nimepita. Miss Verlene aliniuliza mambo mengi, nikamjibu bila kutafuta maneno, akafunga daftari kabla hajamaliza maswali. Tangu Jumatatu nasimama mapokezi, viatu vinaniua. Juzi mgeni alilalamika kwamba chumbani mwake mna mjusi. Nikamwambia kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba nitaagiza aondolewe, kisha nikazunguka mlango wa nyuma, nikapanda juu na ufagio nikamtoa mwenyewe, maana hakuna wa kumwagiza. Nilikufikiria nikacheka peke yangu ngazini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikutukana kwanza, nikakulilia baadaye. Hiyo miaka tutaingoja. Ulikuwa na haki ya Krismasi yako na umeitupa kwa mkono wako, ukaiokota roho ya mtu kwa mkono huohuo. Sijui nikupigie makofi au nikupige makofi. Ubavu upakwe mafuta, usikwangue.

Sasa la mama. Uwongo wako wa makaratasi niliuandaa vizuri, nikampigia simu. Akaniwahi. Alisema Jumapili ijayo anakuja huko, Don Tulio atampeleka na vioo vyote chini, hata mvua inyeshe. Nikamwambia kaka hayuko tayari, kaka ana homa, wageni wamezuiwa. Akaniacha nimalize kudanganya, kisha akasema ana neno la kumwambia Elvin na halifai kusemwa kwa simu wala karatasi. Nikamwuliza neno gani. Akasema, "La gari." Halafu akakata simu.

Hajui kwamba unajua. Mimi sikumwambia, na wewe hutamwambia. Najua umesema asije, lakini aliyezaa ni yeye, na amekwisha kupiga pasi gauni la safari. Utakaa mbele yake na mkono wako uliofungwa, naye atauliza umefanya nini, utasema umeanguka. Kisha ataanza. Ataanza mbali, kwa daktari, kwa bandeji, kwa upepo. Atakawia. Huenda atakuomba umlaani. Usimrahisishie njia kwa kumwambia najua, mama. Tangu Aprili amelibeba hili hata usingizini, na ameamua mwenyewe kulileta mpaka gerezani. Lisikie kama mtu ambaye hajapata kulisikia. Uso ukikusaliti, acha ukusaliti, ila mdomo uufunge. Mwache aseme mpaka neno la mwisho, ndipo umshike, kwa huo wa kushoto.

Ukimkatiza, Elvin, nitapanda boti, nitavuka, nitakuja huko nikuue. Kwa mkono wangu mwenyewe, simwagizi mtu.

Mdogo wako,
Suyapa